Umeme Niliomuuzia Mama wa Macquarie Fields

Nilijifunza kusema shikamoo nikiwa Sydney, na nilijifunza ili niuze umeme.

Kwetu Nakuru hatukuamkiana hivyo. Ukikutana na mzee ulimpa mkono, ukamuuliza habari za nyumbani, mkaendelea na safari. Lakini katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uuguzi nilipata kazi ya kusimama kwenye kibanda katikati ya jengo la maduka huko Liverpool, kitongoji cha Sydney, mbele ya duka la viatu, nikiwashawishi wapita njia wahamishe umeme wa nyumba zao kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Huku nyaya ni zile zile na umeme ni ule ule, ila kampuni za kukuuzia ni nyingi, kila moja na bei zake na masharti yake, na mwenye nyumba ndiye anayechagua. Ukichagua vizuri bili inashuka. Usipochagua unakaa na ulichopewa. Ule mpango wa malipo sote tuliuita plan. Hata mtu asiyejua neno jingine la Kiingereza alijua kusema plan.

Sikuajiriwa na kampuni yenyewe. Niliajiriwa na wakala aliyeuza kwa niaba yake, na wakala hakunipa mshahara. Alinilipa kwa kila mteja aliyetia sahihi. Msimamizi wetu alikuwa kijana wa hapa hapa, mchangamfu, mwenye viatu vya ncha kali, ambaye hakunikaripia hata siku moja. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikiongea na mama mmoja Mkongo. Yule mama alipoondoka, kijana akaja kusimama kando yangu.

"Hiyo ni lugha gani?"

Nikamwambia ni Kiswahili.

"Wanaoijua hapa ni wengi?"

Nikamwambia ni wengi kuliko anavyodhani. Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi waliotokea kambi za wakimbizi.

"Basi hao ni wako," akasema. "Hawana mwingine wa kumuuliza."

Aliyasema kama mtu anayenipongeza, nami niliyapokea hivyo. Nilikuwa na karo ya kulipa na chumba cha kulipia, na sheria ya viza ilinipa saa chache za kufanya kazi. Nilifurahi kuwa na kitu ambacho wenzangu pale kibandani hawakuwa nacho.

Shikamoo nilifundishwa na mzee wa Kitanzania aliyesimama kusoma tangazo letu. Nilimwambia, "Habari yako mzee?" Akanitazama juu ya miwani. "Binti, kwenu hamna salamu?" Kuanzia siku hiyo kila mtu mwenye mvi, au mwenye kitenge, au mwenye namna ile ya kutembea polepole katikati ya maduka kama mtu aliye uani kwa watu, nilimwamkia shikamoo. Niliona jinsi neno hilo lilivyowalegeza mabega. Walisogea. Waliniuliza nimetoka wapi, wazazi wangu wazima, nimeolewa. Halafu walitoa bili zao mikobani.

Mama wa Macquarie Fields alikuja mwezi wa tano, baridi ikianza kuingia. Alikuwa mwanamke wa makamo kuelekea uzee, mfupi, amevaa koti la kiume na kitenge kilichochungulia chini yake. Alisimama mbali kidogo akinisikiliza nikiongea kwa simu na rafiki yangu. Nilipokata simu nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Weye wasema Kiswahili? Mungu mkubwa. Nisomee hii fakitire, nielewe inasema nini."

Fakitire ndiyo bili, kwa Warundi na Wakongo. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Akanieleza kwamba anaishi Macquarie Fields katika nyumba ya serikali, na mumewe, na wajukuu wawili aliowalea tangu kambini, Tanzania. Asubuhi anafanya usafi katika nyumba ya wazee. Mumewe hafanyi kazi, kifua kinamsumbua. Bili ya mwisho ilikuwa imepanda kidogo, naye akaogopa.

Nilipoisoma niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Mpango aliokuwa nao haukuwa mbaya. Ulikuwa na bei moja, mchana na usiku. Juu yake kulikuwa na punguzo la serikali, lile wanalopewa watu wa kipato kidogo wenye kadi ya serikali. Bili ilikuwa imepanda kwa sababu baridi imeingia na hita imewashwa, basi. Jibu la kweli lilikuwa, mama, kaa hapo hapo ulipo.

Mpango niliokuwa nikiuza ulikuwa na punguzo zuri la mwaka wa kwanza, limeandikwa kwa herufi kubwa za kijani. Chini yake palikuwa na bei za saa. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku umeme ulikuwa ghali sana, saa nyingine ulikuwa rahisi. Kwa mtu anayerudi nyumbani usiku na kufua nguo Jumapili, ulikuwa mpango mzuri kabisa. Tulipofunzwa kazi tuliambiwa tumuulize kila mteja swali moja: jioni huwa mko wangapi nyumbani? Mimi nilikuwa nimeshaambiwa jibu. Sikuuliza.

"Kuna plan nyingine," nikamwambia. "Mwaka mzima unapunguziwa."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mama."

Akafungua pochi, akatoa kadi yake ya serikali, akaiweka juu ya meza. "Ile kampuni ingine walinidai hii."

Niliingiza namba ya kadi kwenye tableti. Ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Msimamizi wangu alipita nyuma yangu, akaangalia, akasema kwa Kiingereza, "Weka hana kadi, umalize. Atawapigia mwenyewe baadaye." Palikuwa na mahali pa kuweka tiki: mteja hana kadi ya punguzo. Nikaweka. Nikamrudishia kadi yake kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu.

Kabla ya kutia sahihi alinitazama. Nakumbuka macho yake, hayakuwa ya mashaka. Alikuwa akiuliza tu kwa kuwa mtu huuliza.

"Hakuna kitu kimejificha chini?"

"Hakuna, mama."

Akaandika jina lake kwa kidole kwenye kioo, polepole, kila herufi peke yake. Alikuwa na siku kumi za kubadili nia. Karatasi ilisema hivyo, kwa Kiingereza. Alinibariki akaondoka.

Miezi minne baadaye niliiacha ile kazi. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta. Haikuwa hivyo. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee iliyolipa vizuri zaidi, nikaaga. Wakala akaninunulia keki.

Miaka miwili ikapita. Nikamaliza masomo, nikaajiriwa kuwa muuguzi, nikahamia Guildford katika nyumba ndogo ya kupanga. Sasa bili ilikuja kwa jina langu mwenyewe, na kwa kuwa nilijua mambo hayo yanavyokwenda, nilikaa siku moja ya mapumziko nikalinganisha mipango kwenye tovuti ya serikali, nikachagua iliyonifaa. Ilinichukua muda wa chai moja. Sikumfikiria mtu yeyote wakati nikifanya hivyo.

Sisi wanawake tunaosema Kiswahili upande huu wa Sydney tuna kundi la kusaidiana, Wakenya, Warundi, Wakongo, yeyote aliyepo. Mtu akifiwa tunachanga na kupika. Mwezi wa saba ujumbe ukaingia kwenye simu zetu: mzee mmoja Mrundi amefariki hospitalini, nimonia, msiba uko Macquarie Fields. Nilikwenda na Wakenya wenzangu wawili, tumebeba chapati na sufuria ya ndengu. Tulifika saa kumi na moja jioni, giza likianza kuingia.

Nyumba ilikuwa giza tupu. Nilidhani tumekosea. Tulipobisha mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyeshika simu yenye tochi, na ndani tukawakuta watu kumi na tano, labda ishirini, wamekaa kwenye viti na mikeka wakiwa na makoti na blanketi, tochi za simu mbili tatu zimeelekezwa darini. Pumzi zao zilionekana. Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa dini kwa Kirundi, kwa sauti ya chini.

Mwenzangu, kwa kutaka kusaidia, akapapasa ukuta akitafuta swichi.

"Acha dada," yule mwenye tochi akamwambia. "Saa mbili bado."

"Saa mbili ya nini?"

"Kuran yao iko na saa. Saa kumi mpaka saa mbili hawawashi kitu. Ni bei kali sana. Hata kupika, mama anapika alfajiri."

Kuran ndio umeme, kwa Warundi na Wakongo. Nilisimama pale na sufuria yangu ya moto. Nilielewa kabla sijamwona. Kisha macho yakazoea giza, nikamwona ameketi kwenye godoro karibu na dirisha, kitambaa cheupe kichwani, miguu ameikunja chini ya blanketi. Nilitaka kuweka sufuria jikoni nitoke. Lakini mwenye tochi alikwisha kunishika mkono kunipeleka kwa mfiwa.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Pole sana."

Akanyanyua uso. Mtu mmoja akaelekeza mwanga upande wetu.

"Ni weye," akasema. "Wa Liverpool." Akawageukia wanawake waliokuwa karibu naye. "Huyu mtoto ndiye alinisaidia mambo ya kuran. Nilikuwa sina mtu. Alinisomea fakitire yote."

Wanawake wakaitikia, asante, asante, Mungu akubariki. Mmoja akanipisha nikae kando yake.

Hakujua. Miaka miwili aliamini kwamba umeme umepanda kwa nchi nzima, kama unga, kama nauli, na kwamba ule mpango wangu ndio uliomwokoa na mabaya zaidi. Wasichana wa kanisani walimsomea bili ya kwanza na kumwambia kuhusu saa kumi na saa mbili, naye akaipanga nyumba yake upya kufuata saa hizo. Wajukuu walioga walipotoka shule, upesi, kabla ya saa kumi. Chakula kililiwa baridi. Alinisimulia yote hayo pale pale, mkono wake juu ya mkono wangu, kwa namna wafiwa wanavyosimulia vitu vidogo.

"Mzee mwenyewe ndiye alikuwa anazima hita," akasema. "Mimi nilimwambia, acha, wewe mgonjwa. Alikataa. Alikuwa anakaa na saa mkononi anaiangalia. Ikifika saa kumi, anainuka, anazima. Halafu anarudi chini ya blanketi anakohoa."

Mimi ni muuguzi. Najua nyumba yenye baridi inavyofanya kifua cha mtu mzee. Najua vile vile kwamba mgonjwa wa kifua anaweza kufa kwenye chumba chenye joto la kutosha. Sijui lipi lilikuwa lake. Nimejaribu kujiambia kwamba sijui, na ni kweli, lakini haijawahi kunipa nafuu.

Saa mbili ilipofika mtu akawasha taa na hita, na watu wakavua makoti, wakaanza kugawa chakula. Mimi niliosha vyombo mpaka vikaisha.

Nilirudi baada ya wiki mbili, mchana, siku yangu ya mapumziko. Nilimpigia kwanza nikamwambia nataka kumtafutia plan iliyo nzuri zaidi. Nilipanga kumweleza ukweli baada ya kumaliza. Nilijiambia hivyo kwenye treni: kwanza nitengeneze, kisha niseme. Nadhani ndani yangu nilitumaini kwamba nikitengeneza vizuri sana, haja ya kusema itaisha yenyewe.

Alinipokea kwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Hita ilikuwa inawaka. Saa ilikuwa saba na nusu. Bili zake alizihifadhi ndani ya foronya, zote, kwa mpangilio. Nikafungua kompyuta yangu, nikaingiza namba za mita, tovuti ikatupatia mipango. Nikapata mmoja wa bei moja kutwa, bila masharti ya saa, unaofanana sana na ule aliokuwa nao zamani. Nikamwonyesha. Akaweka miwani na kutazama namba kwa makini ingawa hakuzielewa zote.

"Na kadi yangu?" akauliza. "Zamani walikuwa wanapunguza kwa sababu ya kadi. Hii ya sasa sioni."

Hilo lilihitaji kuzungumza na kampuni ya sasa kabla hajaihama, ili wamlipe lile punguzo alilokosa. Nikawapigia, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, kwa kuwa walitaka kumsikia mwenye akaunti mwenyewe, nikaweka spika. Simu ikatulia katikati ya meza. Mwanamke wa kampuni alikuwa na sauti ya upole. Mkalimani alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili cha pwani, safi, kila neno limekaa mahali pake. Mama alithibitisha jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, ile ya kambini ambayo wengi wamepewa, mwezi wa kwanza tarehe moja.

Mwanamke wa kampuni akatafuta, akarudi. Mkalimani akatafsiri.

"Kampuni inasema kwamba wakati wa kutia sahihi, mteja alieleza kuwa hana kadi yoyote ya punguzo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mkataba."

"Hapana," mama akasema. "Waambie hapana. Kadi niliiweka juu ya meza. Huyu aliiona." Akanigeukia. "Si uliiona, mwanangu?"

"Niliiona, mama."

"Ikakuwaje?"

Nilikisogeza kikombe changu kando ya simu. Mkalimani akakohoa.

"Samahani," akasema. "Hayo niyatafsiri, au ni mazungumzo yenu ya pembeni?"

Nikamwambia atafsiri. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, nikitazama simu kwa kuwa sikuweza kumtazama mama. Nilisema mashine ilikataa namba, nami nikaandika kwamba hana kadi, ili nimalize haraka, kwa sababu nililipwa kwa kila sahihi. Wakalimani wana desturi ya kusema kama wao ndio wewe. Kwa hiyo nilisikia sauti ya mwanamume nisiyemjua ikisema kwa Kiingereza, bila haraka: Niliandika kwamba hana kadi. Nililipwa kwa kila sahihi.

Upande wa pili nikasikia vidole vikigonga kibodi.

"Kampuni inauliza," mkalimani akasema, "aliyeandika hivyo yuko hapo sasa hivi?"

"Yuko," mama akasema. "Yuko kwangu anakunywa chai."

Mwanamke wa kampuni akatuweka kwenye muziki wa kusubiri. Aliporudi alisema atafungua malalamiko, ataingiza kadi leo, na kuhusu miezi iliyopita itabidi iamuliwe na wengine. Akampa mama namba ya malalamiko. Mkalimani aliitaja mara mbili, tarakimu moja moja, nami nikaiandika. Kabla ya kukata alituaga kwa heshima, akasema, "Poleni."

Mama hakuigusa chai yake. Alikaa akinitazama, wala hakuonekana na hasira, na mimi ningependelea hasira.

"Na ile ya saa kumi," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile, pale pale, ulijua?"

"Nilijua, mama. Ilikuwa imeandikwa."

Akainuka akaenda jikoni. Nilisikia maji yakimwagika muda mrefu, kisha yakafungwa. Nilifikiria kuondoka. Nilifikiria kulia pia, na namshukuru Mungu sikulia, maana angelazimika kunibembeleza. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa chake upya.

"Ulinisalimia vizuri sana," akasema. "Ndiyo maana nilikuja."

Nikaivuta kompyuta karibu.

"Maliza kazi," akasema. "Lakini hii mpya utanisomea. Yote. Mpaka chini."

Nikamsomea. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi, na Kiingereza cha mikataba hakiendi kirahisi katika Kiswahili, changu wala chake. Kila sentensi niliisema, kisha nikaieleza, kisha yeye akairudia kwa maneno yake mpaka nikakubali kwamba ndivyo. Mara tatu alinisimamisha na kuniuliza, "Hapo wanaficha nini?" Mara mbili hapakuwa na kitu. Mara ya tatu ilikuwa ada ya kuletewa bili ya karatasi, nami sikuwa nimeiona. Katikati ya kusoma saa ikafika kumi. Akainuka, akaizima hita, akaketi tena.

"Mama, wiki moja tu imebaki uhame. Iache iwake, nitalipia mimi."

"Wiki ijayo," akasema. "Soma."

Tulimaliza chumba kikiwa na giza, nikimulika karatasi kwa simu. Akatia sahihi. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu aliniuliza, "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Hukuuza kwangu pekee."

Nikamwambia wa kwetu, wa Kiswahili, walikuwa kumi na mmoja pamoja naye. Si wote niliowadanganya. Wengine ule mpango uliwafaa. Lakini sikuweza kumwambia ni wepi, kwa kuwa sikuwa nimewauliza swali lile.

"Unajua kwao?"

"Baadhi."

"Warundi najua mimi," akasema. "Jumamosi."

Nilidhani atanipa anwani tu. Jumamosi nilimkuta stesheni amevaa koti lile lile la kiume, ambalo sasa nilielewa ni la nani. Alikuja mwenyewe. Alisema peke yangu hawatanifungulia mlango, na kama watanifungulia, nitawadanganya tena kwa adabu zangu. Alisema hivyo bila kunikejeli, kama mtu anayepanga kazi.

Tulizunguka Jumamosi tatu. Katika treni hatukuzungumza sana. Hakuniita tena mwanangu, wala hakuniita jina lingine lolote. Alisema tu, tushuke hapa, tuvuke pale. Mlangoni yeye ndiye aliyesema kwanza. Alisalimia, akauliza wagonjwa, halafu akasema, "Huyu ana neno," akarudi nyuma hatua moja.

Nami nilisema neno langu. Mwanamke mmoja Mrundi, Macquarie Fields hapo hapo, alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama, akafunga mlango. Nyumba ya pili tulikaribishwa, nikawapigia simu, nikawahamisha. Mpango wangu ulikuwa umewatafuna kama ulivyomtafuna yeye, nao walinishukuru, na shukrani yao ilikuwa ngumu kubeba kuliko mlango uliofungwa. Mkongo mmoja Guildford, mtaa wa pili kutoka kwangu, alishahama kampuni zamani na hakunikumbuka hata kidogo. Muuguzi mmoja Mkenya nilimpata kwa simu, akacheka. "Wewe ndio unajua leo? Mimi nilitoka huko baada ya miezi miwili tu." Wengine wawili nao walipatikana. Mmoja alikuwa sawa, mmoja hakuwa sawa, na huyo nilimsaidia.

Malalamiko ya mama yalichukua miezi. Kampuni ilimrudishia punguzo la kadi kwa ule muda wote. Kwa bei za saa kumi haikurudisha kitu, kwa kuwa mkataba ulikuwa na sahihi yake na siku kumi zilikuwa zimepita. Bili yake imeshuka. Niliambiwa na wengine kwamba sasa anapika jioni na wajukuu wanaoga wanapotaka. Sijayaona hayo kwa macho yangu. Kwenye kundi letu la wanawake anaupokea mkono wangu, anauliza kazi, anaendelea kwa anayefuata.

Jumamosi ya tatu tulikwenda ghorofa moja Liverpool, nyuma ya hospitali, kumtafuta mama kijana wa Kitanzania niliyemuuzia akiwa mjamzito. Lifti ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, mwenzangu akishika ukuta kila baada ya hatua chache. Mlango ulifunguliwa na mwanamume Mwarabu ambaye hakujua kitu. Alisema waliokuwepo walihama kabla yake, labda Queensland, labda Melbourne, na barua zao bado zinakuja. Akatuonyesha bahasha kwenye kabati la viatu. Juu kabisa palikuwa na ya umeme, yenye zile herufi za kijani.

Nilinyoosha mkono kuichukua. Mama akanizuia.

"Si jina lako," akasema.

Tukashuka. Stesheni tulikaa kwenye benchi moja, mkoba wake katikati yetu. Akaniuliza wamebaki wangapi. Nikasema wanne, pamoja na huyu. Wawili nakumbuka mtaa, mmoja nakumbuka kwamba alikuwa na kilema cha mkono, na wa mwisho sikumbuki hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Akatikisa kichwa. Treni yake ilipokuja aliinuka, akafunga vifungo vya koti mpaka juu, akaingia. Yangu ilikuwa upande wa pili, bado dakika kumi na mbili.